Koo anayelalia, mashine au vifaranga wa kununua? Ulinganisho kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Ikifika mwezi wa nne hivi, mvua zinaelekea kuisha na mahindi yako shambani, watu wengi huku kwetu wanaanza kuwaza kuongeza kuku nyumbani na hawajui washike njia ipi. Wamwache koo alalie mwenyewe kama bibi zetu walivyozoea, wanunue ile mashine ya kutotolea mayai 56 wanayoiona kwenye simu kila siku, au waagize boksi la vifaranga chotara waje na basi la usiku? Ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwa watu wa Dar na Pwani, sehemu ambayo kifaranga akikosa joto usiku mmoja anaweza akaamka mzima. Huku sivyo kabisa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe wako juu zaidi, mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na Makete asubuhi unakuta barafu imelala juu ya majani. Kwaiyo mimi nalinganisha kwa kuanzia na baridi, mambo ya faida na bei yanafuata.

Na niseme mapema nimesimama wapi ili usisome ukitafuta: kama una kuku chini ya ishirini na unafuga ili nyumbani kuliwe na ziada iuzwe, koo anaishinda mashine. Mashine ni kazi ya mtu anayeuza vifaranga. Hao wa kununua wanamfaa mwenye haraka na mwenye hela ya chakula cha kuku mfukoni, basi.

Koo

Watu wanamlinganisha koo na mashine kwa kuhesabu mayai, koo mayai 12, mashine 56, mashine imeshinda, hesabu imeisha. Wanasahau kwamba kutotoa ni siku 21 tu na shughuli nzito inaanza siku ya 22. Koo akishaangua anaendelea kuwa jiko kwa wiki nne, tano, sita, anawafunika usiku, anawaonyesha cha kula, akimwona mwewe anatoa ule mlio wake na wote wanalala chini kimya. Hiyo kazi mashine haifanyi, utaifanya wewe na mkaa wako.

Ubaya wa koo ni kwamba hapangiwi. Wewe unataka vifaranga mwezi wa tatu yeye anaamua kulalia mwezi wa sita kwenye baridi kali. Kuku wa kienyeji anataga mayai 12 mpaka 15 hivi, analalia wiki tatu, alafu analea miezi miwili mpaka mitatu ndo arudi kutaga, ukipiga hesabu kwa mwaka ni mizunguko mitatu hivi na mayai 36 mpaka 45. Ni kidogo, hilo halina ubishi.

Kumjua aliyeiva siyo shida. Nenda usiku, peleka mkono kwenye kiota. Ambaye bado ataruka na kukimbia akipiga kelele mpaka jirani aulize kuna nini. Aliyeiva anavimba manyoya mpaka anakuwa mkubwa mara mbili, anakoroma kwa ndani, anakudonoa mkono alafu anajikandamiza palepale. Mguse tumboni chini, utakuta ngozi tupu yenye joto, manyoya keshayanyonyoa mwenyewe ili mayai yaguse mwili. Huyo mpe mayai. Mchana anatoka mara moja tu kama dakika 20, anakula, anakunywa, anaacha kinyesi kimoja kikubwa kinachonuka balaa, anaoga vumbi, anarudi. Ukiona anatoka nje saa nzima na zaidi kila siku ujue kuna kitu kinamsumbua, na mara nyingi ni utitiri.

Utitiri ndo unaoharibu ulaliaji kuliko kitu kingine. Kuku anaacha mayai siku ya 15 wewe unasema koo huyu hafai, kumbe usiku analiwa damu. Kabla hajakaa choma nyasi za zamani, tandika mpya, weka majivu au dawa ya unga ya utitiri chini na kwenye manyoya yake. Kiota chenyewe hakihitaji fundi, beseni kuukuu au boksi la mbao linatosha, weka udongo chini uutengeneze kama sahani ili mayai yasitawanyike, nyasi kavu juu, kona yenye giza. Asikae pale wenzake wanapotagia maana watamwongezea mayai mapya kila siku na mwisho wa yote una mayai ya umri tofauti, anaangua matatu anatoka na mengine yanabaki viza. Weka alama ya penseli kwenye yale uliyompa, lisilo na alama toa ukakaange.

Sasa idadi. Vitabu vinasema 10 mpaka 13 na ni sawa kwa miezi ya joto. Ila mwezi wa sita na wa saba huku mimi namwekea koo mdogo 8 au 9 na haongezewi hata moja. Sababu ni kwamba kuku anayageuza na kuyahamisha mayai siku nzima, la pembeni linaingia katikati na la katikati linatoka pembeni, kwaiyo ukizidisha mayai hayapoi mawili ya pembeni tu, yote yanapata zamu ya kupoa. Unaweka 14 unapata vifaranga 5, wakati ungeweka 9 ungepata 8.

Kuna sehemu moja baridi inatusaidia. Yai la kutotolesha linatakiwa likae kwenye nyuzi 13 mpaka 18 kabla ya kulaliwa na lisizidi siku 7, sana sana 10. Mtu wa Dar hiyo nyuzi anaitafuta kwa shida, wewe wa Iringa mwezi wa saba ni chumba chochote kisichokuwa na jiko. Yaweke kwenye trei ncha nyembamba ikiangalia chini, usiyaoshe, na makubwa kupita kiasi au yenye ganda bovu peleka jikoni.

Siku ya 7 pima. Usiku zima taa, kunja karatasi ngumu, washa tochi ya simu, weka yai juu ya tundu. Zuri lina doa jeusi na mishipa myekundu imesambaa kutoka pale kama miguu ya buibui, na ukitulia utaliona doa linacheza. Lenye duara la damu limekufa. Lililo jeupe kama la jana halikupata jogoo, na yakiwa mengi hivyo angalia idadi yako, jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10 inatosha. Hayo meupe usiyatupe, chemsha, ponda, wape kuku wengine.

Koo watatu kwa mpigo

Hii ndo inayojibu lile tatizo la koo kutotoa wachache na ni njia ya kienyeji kabisa haina gharama. Koo wa kwanza akianza kulalia usimpe mayai mazuri, mwachie viza mawili ya kumshikilia tu. Subiri wa pili na wa tatu waanze, kawaida ndani ya wiki moja mbili wanafuatana, ila usimshikilie wa kwanza zaidi ya wiki mbili maana anakonda. Wakifika watatu, usiku mmoja toa yale ya uongo wape wote mayai mazuri. Wanaangua siku moja, una vifaranga 25 mpaka 30 wa rika moja, chanjo moja, chakula kimoja.

Alafu wanyang'anye wawili, mwachie mmoja aliye mpole na mkubwa. Kwenye joto anaweza kulea 20 na zaidi, kwenye baridi yetu 15 ndo mwisho kwa sababu mabawa hayafiki, wa nje wanaganda. Waliobaki nenda nao kwenye kinengunengu, yaani kizimba cha kulelea vifaranga chenye jiko la joto, au mwachie koo wa pili nao. Aliyenyang'anywa mtoe kwenye kiota kabisa, mweke sehemu yenye mwanga umlishe vizuri, wiki mbili tatu anarudi kutaga. Ukifanya hivi badala ya mizunguko mitatu kwa mwaka unaweza kufika mitano.

Mashine

Siipingi. Mashine nzuri ikiwa na umeme wa uhakika inatotoa vizuri na inakupa vifaranga tarehe unayoitaka, hilo koo hawezi. Mwenye oda za watu kila mwezi anunue tu asisikilize maneno yangu.

Ila ijue ilivyo. Yenye feni inataka nyuzi 37.5 mpaka 37.8 masaa yote, isiyo na feni unapima juu ya mayai na inakuwa kama nyuzi moja zaidi. Unyevu asilimia 50 mpaka 55 hadi siku ya 18, hapo unaacha kugeuza, unapandisha mpaka 65 au 70 na hufungui tena mpaka waishe kutoka. Kipimo kilichokuja na mashine usikiamini peke yake, weka kipimajoto kingine pembeni ulinganishe, maana tofauti ya nyuzi moja kwa wiki tatu inatosha kuua au kuchelewesha kila kitu. Na kuzidi joto ni kubaya kuliko kupoa. Umeme ukikatika saa moja mawili funika mashine na blanketi, usifungue fungue kuchungulia, mayai yanavumilia. Yakipanda nyuzi 40 na kitu kwa muda, hapo umepika.

Kitu ambacho wauzaji hawakwambii ni huu mwinuko wetu. Hewa ya huku ni nyembamba, oksijeni kidogo na yai linapoteza maji haraka, kwaiyo siku za mwisho kifaranga anahangaika kupumua humo ndani. Fungua matundu ya hewa yote kuanzia siku ya 18 na uhakikishe maji yapo, hasa kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi ambapo Iringa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Tukuyu kwenye mvua ni kinyume, huko unyevu upo wa kumwaga na ukijaza maji hovyo vifaranga wanatoka wamevimba tumbo. Pia mayai ya kuku waliozaliwa huku juu yanatotoleka vizuri kuliko mayai yaliyopandishwa kutoka ukanda wa chini, kwaiyo kabla ya kuagiza trei za mayai ya kisasa kutoka Pwani uje uatamishe Njombe, fikiria mara mbili.

Haya, wametoka 45. Sasa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, kila wiki unashusha tatu hivi. Hapa ndo mwezi wa saba unakuonyesha. Nje nyuzi 8, ndani unatakiwa uanze na 33 ushuke kidogo kidogo, na jiko liwake usiku kucha, kwa mwezi mzima. Mkaa unaenda gunia kwa gunia, unaamka saa nane kuongeza jiko, na ukiziba kila tundu ili joto lisitoke hewa ya sumu ya mkaa inaua vifaranga na inaweza kukuua na wewe ukilala humo, acha nafasi ya hewa juu hata kama inauma. Usitumie kipimo tu, waangalie: wakibanana kwenye jiko wanasikia baridi, wakikimbilia kuta ni joto, wakijazana upande mmoja kuna upepo unapita mahali. Cha kushukuru ni maranda, Mafinga pale mashine za mbao za Sao Hill zinayatoa kwa wingi na yanafika mpaka Mbeya, tandika nene. Chukua maranda ya mashine ya kuranda, siyo vumbi la msumeno, vifaranga wanalila vumbi wakidhani ni chakula.

Kinachonifurahisha mimi ni kuoanisha. Siku unayowasha mashine, koo wako naye anaanza kulalia. Wanatoka pamoja, usiku unawabambikia wale wa mashine, taratibu chini ya bawa, taa imezimwa. Asubuhi anawahesabu wote wake. Lazima wawe hawajazidi siku mbili, akishawazoea wake wanne watano kwa siku kadhaa ukimletea mgeni anamdonoa mpaka anakufa. Kwa njia hii mashine inatotoa, koo analea, mkaa unabaki wa kupikia.

Wa kununua

Kuroiler na Sasso ndo wanaosambaa, wengi wanasema chotara tu. Wanakua. Jogoo wa Kuroiler miezi mitatu minne anakuwa na kilo ambazo wa kienyeji hazifikii hata akifika miezi sita na zaidi, na majike wanataga mayai mengi na makubwa kuliko wa kwetu. Wanavumilia kuzurura ukilinganisha na broila. Lakini hawalalii, au ni mmoja mmoja sana, maana hiyo tabia imepunguzwa makusudi ili watage. Na ukizalisha wenyewe kwa wenyewe watoto hawatoki kama wazazi, kila kizazi unashuka, kwaiyo ukishaanza unakuwa mteja wa kununua kila mara.

Safari nayo ihesabu. Dar mpaka Mbeya ni kilomita 800 na kitu, kifaranga wa siku moja anasafiri na kiini cha yai tumboni ndo maana anafika hai, ila akifika mpe kwanza maji ya uvuguvugu yenye glukosi, chakula baada ya saa mbili tatu. Uliza kama wamechanjwa mareksi, ule ugonjwa wa kupoozesha kuku, kule walikotoka. Alafu usiwaagize mwezi wa sita, tafadhali. Wa mwezi wa tisa watakuwa rahisi kulea mara mbili.

Chakula ni lazima starter, kile cha dukani cha vifaranga, wiki za mwanzo, yule wa koo anajazia kwa mchwa, majani na mabaki, huyu wa boksi ukimpa pumba za mahindi peke yake anadumaa. Baadaye unaweza kupunguza gharama kwa kuchanganya mwenyewe, alizeti inalimwa huku mashudu hayakosekani, pumba, dagaa, chokaa.

Njia yoyote utakayochagua, kideri, ule ugonjwa wa mdondo, hakichagui. Chanjo yake ya I-2 inayotengenezwa na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, kule Kibaha ni tone moja la jicho kila miezi mitatu, na haiharibiki haraka kama nyingine ikikosa friji. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi sana kwaiyo changeni na majirani, na mhakikishe mmechanja kabla ya kiangazi na upepo wa mwezi wa saba kuanza. Chanjo ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14 na ya 28 kwa wale wa kulea pamoja wengi, ndui wakifikisha mwezi au mwezi na nusu.

Kwenye sufuria

Sijui kwa nini ulinganisho wa kuku huwa unaishia bandani wakati sisi tunafuga tule.

Chotara wa miezi minne ni kuku wa wageni waliofika ghafla. Dakika 45 ameiva, nyama nyingi, anatosha familia ya watu sita, kaanga au tia kwenye mchuzi wa nyanya. Ladha iko katikati, siyo broila na siyo kienyeji, mimi namkubali kwa wali wa Kyela na sibishani na anayemkataa.

Koo mzee aliyemaliza kutaga ni habari nyingine. Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi kama 94, siyo 100, kwaiyo ule mda anaokwambia dada yako wa Tanga ongeza, na usidhani kuku wako ni wa ajabu. Masaa mawili mpaka matatu kwenye kuni, au presha kuka kama mkaa unauma. Mkate vipande, chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vya kutwanga, bandika bila maji kwanza, funika, achemke kwa maji yake mwenyewe mpaka yakaribie kukauka na uanze kusikia mafuta yanalia chini. Yale mafuta ya njano ndo utamu wote, ukitia maji mapema yanapotea. Hapo ndo unaongeza maji ya moto, siyo ya baridi, unamwacha. Akishalainika gawa mara mbili: supu na pilipili kichaa asubuhi, nyama irudishe kwenye sufuria na ndizi za Tukuyu za kupika mpaka mchuzi ushikane. Mama aliyejifungua akipewa supu ya chotara huku kwetu wakwe watasema, na kusema kweli hapo niko upande wa wakwe.

Jogoo wa kienyeji wa miezi saba ndo bora wa wote kwa ugali wa dona na chainizi, lakini huyo ndo mwenye bei sokoni, watu wa Mwanjelwa na Kihesa wanamgombania mwezi wa kumi na mbili, kwaiyo wengi tunamuuza tunakula koo.

Basi nani achukue nini

Unaanza sifuri na huna kuku: usinunue mashine, nunua matembe, yaani majike ambao bado hawajaanza kutaga, watano wa kienyeji na jogoo kutoka kijiji cha karibu, siyo mnadani ambako wanaletwa wakiwa wanaumwa. Matembe wanaokaribia kutaga mwezi wa nane watakuwa na vifaranga wakati joto linaanza.

Una kuku kumi na tano na wanataga mayai yanaharibika bila kulaliwa: koo watatu kwa mpigo, na kinengunengu kimoja.

Una wateja, una umeme wa kuaminika au sola yenye betri, na uko tayari kuamka usiku: mashine, lakini baki na makoo wawili wa kubambikia.

Uko mjini Forest au Gangilonga, uwanja mdogo, kazini mpaka jioni, unataka mayai na nyama basi: chotara ishirini mwezi wa tisa, wale wa wiki tatu nne waliokwishalelewa na muuzaji, utawalipia zaidi ila mkaa na vifo vya mwanzo vimebaki kwake. Waulize wamechanjwa nini na lini, wakuonyeshe kichupa.

Na koo anayelalia vizuri, asiyevunja mayai na anayemkimbiza kicheche, huyo usimuuze hata ukipewa bei ya jogoo. Chukua mayai yake ndo uwape wengine walalie, maana kulalia ni tabia inayorithiwa.